Msiniambie Kanisa la Cobh ni la Victoria

Kila kitabu cha watalii nilichofungua kuhusu miji ya Ireland kina sifa ileile: majengo mazuri ya Kivictoria. Benki, posta, stesheni ya reli, kanisa, vyote kapu moja. Jamani, hivi malkia ndiye aliyebeba mawe?

Chukueni Cobh, mji wa bandari karibu na Cork. Malkia Victoria alifika hapo mwaka 1849, nchi ikiwa bado ndani ya Njaa Kuu, na mji ukabandikwa jina la Queenstown. Jina hilo lilifutwa 1920. Lakini juu ya kilima lipo Kanisa Kuu la Mtakatifu Colman, lililoanza kujengwa 1868 na kumalizika 1919. Malkia kafa 1901, mnara wenyewe haujaisha! Wasanifu walikuwa Pugin mtoto, Mwingereza, na Ashlin, mzaliwa wa kaunti hiyohiyo ya Cork. Pesa? Sadaka za Wakatoliki wa kawaida, wakiwemo waliohamia Marekani na Australia. Chini ya kilima hicho ndipo maelfu kwa maelfu walipopandia meli. Nilisimama pale gatini, nikatazama juu, nikaona aibu: na mimi niliwahi kuliita la Kivictoria kwenye makala ya zamani.

Najua nitajibiwa: ni jina la kipindi tu, acha kukuza mambo. Sawa. Basi tuzitaje na nyumba za mafukara. George Wilkinson, Mwingereza, alichora 130 kuanzia 1839, karibu zote kwa ramani ya namna moja. Ukiingia, mume huku, mke kule, watoto kwingine. Njaa ilipokuja zikafurika. Hayo ndiyo majengo yenye haki kamili ya kubeba jina la malkia, na kitabu nilichosafiri nacho hakikuyapa hata sentensi moja. Kilikuwa kimeshughulika na nakshi za milango ya benki.

Sisemi benki zibomolewe, la hasha. Wanaotaka kubomoa eti wafute ukoloni nao wananichosha. Nendeni Kildare Street, Dublin, mkawaone tumbili wa mawe wakicheza biliadi kwenye ukuta wa klabu ya mabwana, halafu mniambie mchongaji alikuwa anamsujudia nani. Nataka tu jengo litajwe pamoja na aliyelilipia. Ile makala yangu nimeisahihisha jana usiku.