Kufuli Huchelewesha, Watu Hulinda

Mji wa Dodoma umekaa penye njia panda ya nchi. Barabara itokayo Iringa kwenda Kondoa, Babati na Arusha, ambayo ni sehemu ya ile Barabara Kuu ya Kaskazini iliyokusudiwa zamani kuunganisha Cape Town na Cairo, hukutana hapo na barabara itokayo Dar es Salaam kuelekea Singida na nchi za maziwa makuu. Tangu kipande cha Dodoma hadi Babati kilipozinduliwa kwa kiwango cha lami mwaka 2018, safari iliyokuwa ya vumbi na tope imekuwa nyepesi. Miongoni mwa wapitao wamo wenye gari-nyumba, yaani gari lililowekewa kitanda, jiko na tangi la maji. Baadhi yao huenda kutazama michoro ya miambani ya Kolo, iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Wengine huvuka bara zima.

Msafiri wa namna hiyo amebeba nyumba yake. Mlango ukivunjwa, hapotezi redio peke yake, bali hupoteza pasi, dawa, fedha na malazi kwa usiku mmoja. Si ajabu basi kwamba jambo la kwanza analolifikiri ni kufuli: nene zaidi, zito zaidi, na jingine juu yake. Fikira hiyo ina ukweli nusu, na nusu hiyo ikifuatwa peke yake yaweza kuleta hasara, hata kifo.

Yafaa kwanza kuelewa kazi ya kufuli. Kitasa cha silinda, ambacho Linus Yale wa Marekani alikiendeleza katika miaka ya 1860, kina safu ya pini ndogo zinazosukumwa na springi. Kila pini imekatwa vipande viwili. Ufunguo halali huziinua pini zote hadi mikato yake ilingane na ukingo wa silinda. Hapo ndipo silinda huzunguka. Kitasa chenye pini 5, kila moja ikiwa na vimo 6 viwezekanavyo, chaweza kuwa na funguo tofauti 6 × 6 × 6 × 6 × 6, yaani 7,776. Mwizi wa kuzijaribu zote atakesha. Lakini hakuna kiwanda kitoboacho matundu kwa usahihi kamili. Silinda ikikazwa kidogo, pini moja hubanwa kabla ya nyingine. Mtu mwenye ujuzi huitafuta hiyo, akaiweka sawa, kisha akaiendea ya pili. Kwake yeye hesabu si ya kuzidisha tena bali ya kujumlisha: 6 + 6 + 6 + 6 + 6, majaribio 30 tu.

Historia nayo yathibitisha. Mwaka 1784 fundi Mwingereza Joseph Bramah alipata hataza ya kufuli lililosifiwa sana. Moja la namna hiyo liliwekwa katika dirisha la duka lake mjini London, na zawadi ya gini 200 ikaahidiwa kwa atakayelifungua bila ufunguo. Miaka mingi ilipita. Mwaka 1851, wakati wa Maonyesho Makuu ya London, Mmarekani Alfred Charles Hobbs alilifungua, na kazi hiyo ilimchukua yapata saa 51 katika muda wa siku 16. Watu wengi walihitimisha kwamba kufuli la Bramah lilishindwa. Hitimisho lililo bora ni jingine: ni mwizi gani apataye saa 51 bila kuulizwa anafanya nini?

Hapo ndipo ilipo kanuni ya ulinzi. Kila kufuli hufunguka. Tofauti ni muda tu. Muda wa kuvunja ukiitwa K, muda wa kugundua ukiitwa G, na muda wa msaada kufika ukiitwa F, gari li salama pale tu K inapozidi jumla ya G na F. Ichukuliwe kwamba kufuli lastahimili dakika 5, mbwa hubweka baada ya dakika 1, na majirani hufika baada ya dakika 3. Tano ni zaidi ya nne, mwizi ameshindwa. Gari lilo hilo likilala peke yake katika vichaka vya Itigi, ambako msaada wahitaji saa nzima, hata kufuli la kustahimili dakika 10 halibadili neno.

Tena, K hupimwa mahali palipo dhaifu kupita pote. Vioo vya ubavuni vya magari mengi vimekazwa kwa joto: uso wake umebanwa na kiini chake kimevutwa. Ncha ngumu ikivigusa kwa nguvu, nishati iliyofungiwa humo huachiliwa ghafla na kioo chote huwa punje. Kufuli la kilo 2 mlangoni halina maana karibu na kioo cha namna hiyo. Hata kifaa cha elektroni kizuiacho injini isiwake bila ufunguo wake kina mpaka. Utafiti uliofanywa Uholanzi kwa miaka ya 1995 hadi 2008 ulionyesha kwamba vifaa hivyo vilipunguza wizi wa magari kwa takriban asilimia 40. Hayo ni mafanikio makubwa. Lakini kifaa hicho hulinda gari lisiendeshwe, hakilindi mkoba uliomo ndani.

Wako wasemao kwamba dawa ni kujificha: kuzima taa na kulala porini pasipojulikana. Auguste Kerckhoffs, alipoandika juu ya maandishi ya siri mwaka 1883, alionya kwamba mfumo usitegemee kutojulikana kwake, kwa maana siku utakapojulikana umekwisha. Ndivyo ilivyo kwa aliyejificha. Akigunduliwa na mtu mbaya, hana mtu mwema wa kumwita.

Wagogo waliijua kanuni hii bila kuiandika. Tembe, nyumba yao ya asili yenye paa bapa la udongo, aghalabu hujengwa kuzunguka ua, na ng'ombe hulala ndani ya ua huo. Kuta zake ni za miti na udongo, si za chuma. Lakini anayetaka ng'ombe hana budi kupita katikati ya watu waliolala, na mnyama akishtuka mwenyewe yu karibu. G na F zimefanywa ndogo mno, kwa hiyo K haihitaji kuwa kubwa.

Liko na jambo la hatari kuliko wizi. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai una baridi. Msafiri mwenye hofu hufunga madirisha yote, hutia makomeo, kisha huingiza jiko la mkaa apate joto. Mkaa unaoungua hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na himoglobini ya damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mwizi huchukua mali. Gesi hiyo huchukua roho. Kwa hiyo jiko la mkaa lisiingie kabisa, tundu la hewa lisizibwe, na kila mlango ufunguke kutoka ndani bila kutafuta ufunguo gizani.

Inafuata basi kwamba fedha za kununulia kufuli la tatu zingefaa zaidi kulipia mahali pa kulala penye watu. Halmashauri zilizo kando ya barabara hizi zingefanya vema kutenga viwanja vya kulaza magari karibu na vijiji, vyenye taa, choo na mlinzi anayelipwa. Msafiri angepata usingizi, na kijiji kingepata kipato halali.

Walimu nao wana somo tayari mikononi. Wanafunzi na wazipime K, G na F za maabara ya shule yao wenyewe. Huenda wakakuta mlango una kufuli zuri, na aliye karibu wa kulisikia likivunjwa yuko mbali mno.