Muziki Uanzie Kisimani

Nafundisha Gredi ya Tatu hapa Garissa, na nina ombi kwa walimu wenzangu: tusikipuuze kipindi cha muziki. Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini 2019, umeuweka muziki darasani tangu gredi za chini, lakini mara nyingi kipindi hicho humezwa na Hisabati.

Tunasingizia ukosefu wa vinanda. Vya nini? Wafugaji wa Kisomali wana nyimbo za kunyweshea ngamia, zinazoimbwa huku maji yakitekwa kisimani. Akina mama wana buraanbur, ushairi wao unaopamba arusi. Koor, kengele ya mbao ya ngamia, ni ala tosha ya kufundishia mapigo.

Wapo wazazi wanaohofia ala kwa sababu ya dini. Niliketi nao, tukakubaliana: sauti na makofi tu. Muhula huo, mvulana aliyekuwa hafungui kinywa darasani aliongoza wimbo wa kisimani wa babu yake, wenzake wakamwitikia. Tangu siku hiyo anasoma kwa sauti.

Mwalimu mwenzangu, mwalike mzee mmoja darasani wiki hii. Wimbo usiofundishwa huzikwa na mwenyewe.