TAARIFA YA TAWI KWA WANACHAMA WOTE: MABATI TUMEYARUDISHA, NA SABABU NI HIZI

Kidumu Chama!



Tangu Jumatatu simu zetu hazijapoa. Wengi mmeuliza kama ni kweli tumerudisha yale mabati 40 yaliyoletwa kwa ajili ya kuezeka ofisi ya tawi. Ni kweli. Yamerudi kwa mwenyewe yote, kwa barua na mbele ya mashahidi. Wapo waliotupongeza. Wapo waliotuita wajinga, na mmoja wenu ametuandikia kwamba tunajifanya watakatifu huku mafaili ya Chama yanalowana. Mafaili yanalowana kweli. Tunawajibu wote kwa pamoja.

Aliyeleta mabati ni mnunuzi wa tangawizi. Jina lake hatulitaji, kwa sababu hoja yetu haimhusu mtu mmoja. Alileta na ombi dogo: uchaguzi wa ndani wa Chama ukifika, "tumkumbuke" kijana wake. Maneno hayo yalisemwa mbele ya wajumbe wanne. Hapo mabati yaliacha kuwa msaada. Yakawa malipo ya awali.

*1. MABATI YALE NI YA NANI?*

Katibu wenu ana stashahada ya uhasibu, na mhasibu akiona zawadi huuliza kwanza imetoka kwenye akaunti ipi. Tupige hesabu ya mfano, kila mmoja aweke bei ya msimu wake.

Tuseme mmekubaliana shilingi 1,000 kwa kilo. Gunia linahesabiwa kuwa kilo 100, kwa hiyo unalipwa 100,000. Lakini gunia limeshonewa kilemba, limekuwa lumbesa, na ndani mna kilo 130. Umetoa mzigo wa 130,000 na umepokea 100,000. Elfu 30 imepanda gari bila kulipwa. Hiyo ni takribani asilimia 23 ya jasho lako.

Fuso moja ikipakia magunia 60 ya namna hiyo, fedha isiyolipwa ni 1,800,000. Sasa tuseme bati moja ni 30,000. Mabati 40 ni 1,200,000. Safari moja tu ya kushuka Same inalipa mabati yote, na mwenye gari anabaki na 600,000 mfukoni. Ndugu wanachama, tulikuwa tunaletewa tangawizi yetu wenyewe ikiwa imegeuzwa paa, halafu tunaombwa tutoe shukrani na kura juu yake.

Hasara haiishii kwa mkulima. Pale ushuru wa mazao unapotozwa kwa kuhesabu magunia, zile kilo 30 za juu hazitozwi hata senti. Halmashauri inakosa. Na halmashauri ndiyo hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mama anayesubiri mkopo wa kikundi na kijana anayesubiri wa bodaboda, wote wamebebwa ndani ya lumbesa ile bila kujua.

Mwaka 2017 ushuru wa mazao ulipunguzwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula. Tulishangilia, na tulikuwa na haki. Lakini tunapigia kelele asilimia 2 au 3 ya halmashauri iliyo na risiti, na tunanyamazia asilimia 23 isiyo na risiti.

*2. HATUMCHUKII MFANYABIASHARA*

Wapo watakaosema tawi limetangaza vita na wanunuzi. Hapana. Mnunuzi anapandisha gari lake milimani wakati wa mvua, anapasua tairi, anafika Dar es Salaam anakuta bei imeshuka. Asipokuja, tangawizi inaozea shambani. Tunamhitaji, naye ana haki ya faida na ana haki ya kuwa mwanachama kama mwingine yeyote. Tunachosema ni kimoja: anunue tangawizi, asinunue tawi. Akishanunua tawi, siku ya kudai mizani tutamwendea nani? Tutamwendea kijana wake.

*3. MAKOSA YA PANDE ZOTE MBILI TUMEYAONA*

Tuseme ukweli hata unaotuuma. Siasa nayo imewahi kumeza biashara ya mkulima. Mwaka 1976 Serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, vile vilivyojengwa na wakulima wenyewe, kazi zao zikahamishiwa mashirika ya umma. Mkulima akauza kwa taasisi asiyoweza kuiwajibisha. Ilibidi sheria ya mwaka 1982 ivirudishe, na imani iliyovunjika haikurudi yote. Kwa hiyo hatuombi mwanasiasa akae kwenye kiti cha mnunuzi.

Upande wa pili, Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliweka miiko: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asiwe na mishahara miwili wala nyumba ya kupangisha. Mwaka 1991, kule Zanzibar, miiko hiyo ililegezwa. Wengine wanalia irudi yote. Sisi hatusemi hivyo. Mjumbe wetu mwenye kibanda cha duka si bepari. Lakini ua uliokuwepo uliondolewa, na ngazi ya tawi hatukuweka hata kamba. Mwenye fedha anaingia na kutoka, nasi tunamwita mfadhili.

Watu wa milimani tunajua kamba hiyo inafananaje, kwa sababu tuna ndiva. Ndiva inachimbwa na kuzibuliwa kwa msaragambo. Maji yanafunguliwa kwa zamu. Tajiri mwenye shamba kubwa anasubiri zamu yake kama mjane mwenye vijaruba viwili, na anayekwepa msaragambo anaulizwa. Hakuna anayemkataza tajiri kulima. Anakatazwa kushika yeye peke yake kizibo cha ndiva. Uongozi wa tawi ndio kizibo.

*4. WAZEE WETU WALIDAI HESABU*

Vijana, mkipita Same mjini mkumbuke Januari 1945. Maelfu ya wanaume wa Upare walishuka hadi makao ya wilaya kupinga kodi iliyoitwa mbiru, na walikaa huko muda mrefu, wakipokezana. Mwaka uliofuata akina mama wa Usangi nao waliingia barabarani kumkabili mkuu wa wilaya. Mwisho mkoloni akauacha mtindo ule. Profesa Isaria Kimambo, mtoto wa Upare, ameiandika habari hiyo.

Wazee wale walikuwa tayari kulipa kodi. Walichokataa ni mali ya mtu kukadiriwa na wengine kwa namna ambayo mlipaji hawezi kuikagua. Lumbesa ni kitu kile kile: mtu mwingine anakadiria mzigo wako kwa macho, na macho yake siku zote yanaona pungufu. Babu zetu waliacha mashamba wakakaa Same kudai hesabu ya mkoloni. Sisi tunashindwa kudai mizani kwa mtu tunayemjua kwa jina la utani?

*5. "LAKINI SHERIA ZIPO"*

Zipo. Sheria ya Vipimo hairuhusu gunia la mazao kuzidi kilo 100. Takrima iliyoingizwa kwenye sheria ya uchaguzi mwaka 2000 ilitamkwa na Mahakama Kuu mwaka 2006 kuwa kinyume cha Katiba. Mwaka 2010 ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi. TAKUKURU wana ofisi.

Sheria hizo zote zinahitaji mtu wa kwanza wa kusema. Ofisa wa vipimo hawezi kulala kwenye kila kitongoji, na mpokeaji wa mabati hawezi kumripoti aliyeyaleta. Ndiyo maana zawadi huanza kwenye tawi kabla ya kupanda juu. Mnaowalaumu viongozi wa juu kwamba wamekamatwa na wenye fedha, mjue kwamba kamba ilifungwa huku chini, kwa kanga, kwa kilo ya sukari, kwa ada ya kadi iliyolipwa na mtu mwingine.

*6. TULICHOAMUA*

(a) Ofisi itaezekwa kwa mchango wetu na msaragambo. Asiye na fedha atatoa siku. Kila risiti itasomwa kwa sauti mkutanoni na kubandikwa mlangoni.

(b) Tawi halitapokea kitu chochote kutoka kwa mnunuzi wa mazao, mgombea, au mtu wao. Wajumbe wa Kamati nao ni hivyo hivyo, na Katibu ndiye wa kwanza kukaguliwa.

(c) Yeyote atakayeomba uongozi hapa atajibu maswali matatu mbele ya wanachama: unanunua mazao ya wakulima wa hapa, au unafanya kazi kwa anayenunua? Nani amelipia safari zako za kuomba kura? Utasimama upande gani siku ya kudai mizani?

(d) Tutaandika barua kwa Mtendaji wa Kijiji ipelekwe halmashauri na Wakala wa Vipimo, tukiomba mizani iliyohakikiwa kwenye kituo cha kuuzia. Mpaka ije, tunaomba wanachama wetu wauze kwa pamoja, magunia yashonwe mdomo usawa bila kilemba. Mmoja akikataa lumbesa, gari litahamia kwa jirani. Kitongoji kizima kikikataa, gari halitashuka tupu.

Hilo la (d) ni gumu, hatulifichi. Kuna aliye na ada ya shule wiki ijayo, na mnunuzi anajua. Ndiyo maana tunataka tuzungumze pia namna ya kumsaidia huyo asubiri siku tatu.

Watu wanatutania kwamba Mpare yuko tayari kutumia laki moja kudai elfu kumi. Sawa. Safari hii tunadai milioni, na nauli ni kutembea hadi ofisini.

Mkutano ni Jumapili saa 9 alasiri, chini ya mti, kwa sababu paa bado halijapatikana. Tumeacha Jumamosi kwa heshima ya ndugu zetu Wasabato. Mwenye hoja ya kupinga uamuzi huu aje aiseme pale, atasikilizwa. Taarifa hii isomewe pia wasio na simu.

Kidumu Chama!

Imetolewa na Katibu wa Tawi,
kwa niaba ya Kamati ya Siasa ya Tawi.