Matembezi ya Sikukuu: Kutoka Kigoma Hata Ujiji



Mwezi huu hatuwaandikii habari za usafi wa nyumba wala za malezi ya watoto wadogo, kama ilivyo desturi yetu. Twataka kuwasimulia matembezi yetu ya Jumatatu ya Pasaka. Tulitoka kwenda kuwafundisha watoto mambo ya kale, tukarudi tumefundishwa sisi.

Lakini kwanza hamna budi kujua jambo moja. Juma moja kabla ya sikukuu, wazazi wawili wa usharika wetu walikuja barazani petu kuomba shauri. Binti yao alikuwa ameposwa na kijana mwema, mwenye kazi yake, mwenye kushika ibada. Katika mahari hapakuwa na neno. Ila mjomba wa binti alikuwa amesema, "Asili ya kijana huyu haijulikani. Wazee wake waliletwa tu." Nasi tukawajibu wale wazazi kwamba tutaulizauliza habari za ukoo wake, kisha tutawapa jibu. Likumbukeni neno hilo, maana tutalirudia.

Basi siku ile tulikuwa watu saba, wakubwa kwa wadogo, pamoja na bibi mmoja mzee anayekaa nasi nyumbani tangu miaka mingi. Tuliondoka asubuhi na mapema, kabla jua halijawa kali, tukaanzia Kigoma, penye stesheni ya reli. Nyumba ile kubwa ilijengwa na Wajerumani. Reli yenyewe ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika ziwani Februari 1914, safari ya kilometa 1,250 hivi. Miezi sita haijatimia, vita kuu ikaanza Ulaya, na bandari hii ikawa mahali pa askari na mizinga.

Mtoto mmoja, aliyesoma shuleni habari za Ngome ya Yesu iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1593, akauliza kuta za ngome ya Kigoma ziko wapi. Tukamwonyesha vilima vinavyoikumbatia ghuba, na maji mbele yake. Ziwa hili lina kina cha mita 1,470 mahali palipo pa chini kabisa. Katika dunia nzima ni ziwa la Baikal tu linalolipita. Wajerumani hawakujenga ukuta kama ule wa Mombasa, bali walitaka kuyatawala maji kwa merikebu zenye mizinga.

Hapo gatini tukawasimulia watoto habari za meli iitwayo Liemba. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande na kutiwa katika makasha elfu nyingi, ikaja Dar es Salaam kwa bahari na Kigoma kwa reli, ikaunganishwa upya na kushushwa majini Februari 1915. Jina lake wakati huo lilikuwa Graf von Goetzen. Tarehe 26 Julai 1916, Wabelgiji walipokaribia, Wajerumani waliizamisha wenyewe, lakini kwanza mafundi wakapaka mitambo yake mafuta mazito isile kutu. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba. Tena mwezi wa Mei 2015, watu wengi wa Burundi walipokimbilia Kagunga, kule mpakani, wakiwa wamebanwa kati ya mlima na maji, ilikuwa meli hiyohiyo iliyowachukua na kuwaleta Kigoma, maelfu ya watu, safari baada ya safari. Chombo kilichoundwa na kutiwa mizinga kikapata heshima yake kubwa kwa kuwabeba wanyonge. Neno hilo liliwapendeza watoto, nasi pia.

Kutoka hapo tukashika njia ya Ujiji, tukapanda hata Mwanga, tukapumzika kivulini tukanywa maji. Ni mwendo wa kilometa nane hivi, na bibi yetu aliutembea wote kwa miguu yake, akitegemea fimbo, akakataa kupanda gari. Alisema, "Njia hii nataka kuikanyaga."

Ujiji ni mji wa zamani kuliko Kigoma. Burton na Speke walipofika Februari 1858 waliukuta kuwa soko na kituo cha misafara. Hapo ndipo ilipokomea njia ndefu itokayo Bagamoyo kupitia Tabora. Nguo, shanga na bunduki zilipanda kutoka pwani. Pembe za ndovu zilishuka, na pamoja nazo watu. Wengi walivushwa kutoka ng'ambo, nchi ya Manyema. Wengine walipelekwa mbele mpaka pwani, wengine wakabaki hapa kulima mashamba, kupiga makasia na kuchukua mizigo. Kiswahili tunachowaandikia leo kilifika pwani ya ziwa hili kwa njia hiyohiyo, katika vinywa vya wafanya biashara na vya wale waliouzwa.

Tukafika penye ukumbusho wa Livingstone. Kuna jiwe, na miembe ambayo watunzaji husema ni uzao wa mwembe ule wa zamani. Ndani ya nyumba ya makumbusho mna sanamu mbili, Livingstone na Stanley, wakiamkiana kwa kuvua kofia. Walikutana hapa Novemba 1871, kwa hesabu ya Stanley mwenyewe. Tukaanza kueleza kama waalimu, kumbe mtoto wetu mdogo alikuwa anatazama nyuma ya zile sanamu, kana kwamba ametafuta kitu asikione. Akasema, "Na wale waliobeba mizigo, sanamu zao ziko wapi?"

Hatukuwa na jibu la kumpa, ila tukaketi chini ya mwembe tukamsimulia tunayoyajua.

Mtu wa kwanza kutoka nyumbani kwa Livingstone kumlaki Stanley alikuwa Susi, mtumishi wake. Mwenzake Chuma alikuwa Myao, aliyeokolewa mikononi mwa wauza watumwa mwaka 1861, angali mtoto. Livingstone alipokufa mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, ndio hao wawili, pamoja na wenzao, walioukausha mwili wake na kuuchukua mpaka Bagamoyo, ambako walifika Februari 1874. Mtoto aliyenunuliwa kama mbuzi ndiye aliyemrudisha bwana yule kwa watu wake.

Tena tukawasimulia kwamba Livingstone alirudi Ujiji Oktoba 1871 amevunjika moyo. Mwezi wa Julai, kule Nyangwe, penye mto Lualaba, alikuwa ameona kwa macho yake watu wa soko, wengi wao wanawake, wakipigwa risasi na kuzama mtoni kwa mamia. Alipofika Ujiji akakuta mali yake yote imeuzwa na yule aliyewekwa kuilinda. Hapo akajitokeza mfanya biashara Mwarabu, Sayyid bin Majid, akataka kuuza baadhi ya pembe zake ampatie vitu vya kumsaidia. Twawaambieni jambo hili, ndugu Wakristo, ili tusidhani wema wote uko upande wetu na ubaya wote uko kwa jirani. Ile habari ya Msamaria mwema yatuhusu sisi kwanza.

Tulipokwisha, bibi yetu akaanza kusema. Amekaa nyumbani mwetu miaka mingi, amelea watoto wetu wote, wala hatukuwahi kumwuliza wazee wake walikuwa nani. Akawaambia watoto:

"Wajukuu wangu, bibi wa mama yangu alivushwa kutoka Manyema akiwa na umri wa huyu mdogo. Alikuwa na dada yake. Walipofika hapa, dada akapelekwa mbele pamoja na msafara, yeye akabaki kwa sababu mguu wake ulikuwa na kidonda. Mpaka kufa kwake alikuwa akisema: kidonda hicho ndicho kilichonipatia watoto. Jina la dada yake alinirithisha mama yangu, ndilo jina langu mimi. Nyumbani kwetu tuliambiwa tusiseme habari hizi, watu wasije wakatucheka."

Watoto wakanyamaza. Yule mdogo akaenda akaketi miguuni pake. Na sisi wakubwa tukainamisha nyuso, maana tulikumbuka ahadi yetu kwa wale wazazi, ya kwenda kuulizauliza asili ya kijana. Mzee tunayemwamkia kila asubuhi, na ambaye twala pamoja naye, ameficha jina la babu zake miaka hii yote kwa kuogopa maulizo ya namna hiyohiyo, nasi tulikuwa tayari kuyapeleka katika nyumba ya mtu mwingine.

Kabla ya kurudi tulitelemka mpaka ufukoni. Ni mwendo wa kutosha, kwa maana maji hayapo tena pale yalipokuwa siku za Livingstone. Wamisionari wa London walifika Ujiji Agosti 1878. Thomson, mkuu wao, akafa mwezi uliofuata. Mwenzao Hore, aliyekuwa baharia, alivuka ziwa mwaka 1879 akauona mto Lukuga ukitoka kwa nguvu kuelekea Kongo, maji yakiwa yamebomoa kizuizi kilichokuwa kimeuziba. Tangu hapo ziwa likapungua kiasi cha mita kumi, na ufuko wa Ujiji ukasogea mbali. Mahali pa kushushia watumwa pakawa nchi kavu. Leo watu hupita hapo na vikapu vya dagaa na madumu ya mawese, wajukuu wa waliouza na wajukuu wa waliouzwa, na kwa macho hakuna awezaye kuwatenga. Sheria nayo ilipiga hatua zake: Wajerumani waliagiza kwamba mtoto azaliwaye baada ya mwaka 1905 ni mtu huru, na mwaka 1922 Waingereza wakaufuta utumwa kabisa katika Tanganyika. Maji yamekwisha ondoka, na sheria imekwisha sema. Pamebaki mahali pamoja tu ambapo minyororo ingali inatunzwa, napo ni barazani petu, siku ya posa.

Wapenzi wetu, kumwuliza mchumba tabia yake, kazi yake na imani yake ni wajibu wa mzazi. Hata afya yake na udugu wa damu ni haki kuulizwa. Lakini kumwuliza kama wazee wake walinunuliwa ni kumtia hatiani mtu aliyeibwa, na kumwacha mwizi aende zake. Na sisi tuliobatizwa katika maji mamoja tutasemaje kwamba fulani ni mwenye asili na fulani hana? Mwezi huu, jioni moja baada ya sala, waketisheni wazee wenu pamoja na watoto, mwaombe wawasimulie walikotoka. Wasiotaka kusema, waacheni kwa heshima. Watakaosema, andikeni majina waliyoyataja, yasipotee.

Kesho yake tuliwaendea wale wazazi wawili, tukawaambia kwamba hatukuuliza neno lolote la ukoo wa kijana, wala hatutauliza. Tukawaomba radhi kwa jibu letu la kwanza. Mama akatushika mkono. Baba hakusema kitu, akatusindikiza mpaka njia panda. Mpaka twaandika maneno haya hajatupa jibu, na ndoa haijatangazwa kanisani. Mwombeeni, nasi mtuombee pia.

Wasalaam, Mungu azibariki nyumba zenu.