Wanyama Wetu Nyumbani: Aksoloti Aliyeng'atwa Mguu

Miongoni mwa barua tulizozifungua wiki hii imo moja iliyotoka mbali. Ndugu yetu mmoja, aishiye Uingereza pamoja na mkewe na watoto wao, anaeleza kwamba binti yake wa miaka kumi na mmoja anafuga aksoloti wawili katika tangi la kioo. Usiku mmoja, wakigombea chakula, mmoja alimng'ata mwenziwe mguu wa mbele ukakatika. Siku chache baadaye ncha ya jeraha ikawa nyeupe. Baba akaleta pamba na spiriti ili aukwangue weupe ule. Mtoto akalikumbatia tangi huku akilia, na mama akasimama upande wa mtoto. Sasa tumeombwa tuamue.

Tunaamua mara moja, kabla ya maelezo: spiriti irudi kabatini.

Kwa msomaji asiyemjua mnyama huyu, aksoloti si samaki ingawa maisha yake yote hukaa majini. Ni jamaa ya salamanda, na hivyo ana udugu wa mbali na chura. Ana miguu minne, mkia mpana, na nje ya shingo yake yamesimama matamvua ya kuvutia pumzi, mfano wa vishada vya manyoya. Kwao ni Mexico, katika mifereji ya Xochimilco kusini mwa mji mkuu, na huko hali yake ni ya kusikitisha. Mwaka 1998 watafiti walikadiria kuwepo aksoloti 6,000 katika kila kilomita moja ya mraba. Ilipofika mwaka 2014 walikuwa 36 tu. Maji machafu ya jiji yamewaua, na pia samaki wageni waliopandikizwa humo, wakiwamo perege wenye asili ya Afrika yetu, ambao hula mayai na vichanga vyao. Hawa wafugwao majumbani wamezaliwa na wazazi waliofugwa kwa vizazi vingi, na wengi wao wana damu ya wale waliopelekwa Paris kutoka Mexico mwaka 1864.

Ajabu yake kubwa ndiyo inayohusu barua hii. Aksoloti akikatika mguu huota mwingine, wenye mifupa, misuli na vidole vyake. Kwa aliye mdogo kazi hiyo huweza kumalizika katika wiki sita au nane; kwa mzee huchukua miezi. Kwanza ngozi huliziba jeraha, kisha hapo kwenye ncha huchomoza kidutu laini, cheupe au cha rangi ya waridi iliyopauka. Hicho ndicho mguu unaokuja. Baba mwenye haraka akikikwangua, anaondoa kile ambacho mwili wa mnyama umekuwa ukikijenga tangu usiku ule.

Basi yampasa mfugaji atazame vizuri. Kidutu cha mguu huwa laini na chenye mviringo, nacho kimetulia mahali pake. Ukungu ni kitu kingine: una nyuzinyuzi kama pamba iliyochambuliwa, na maji yakitikisika nazo hupepea. Aghalabu huanzia kwenye jeraha au kwenye matamvua. Tumia tochi na mwangalie kwa ubavu, pasipo kumshika. Usisahau pia kutazama sakafu ya tangi, kwani kipande cha chakula kilicholala humo siku mbili nacho huota pamba hiyo hiyo, na hiyo ni dalili kwamba kosa liko katika usafi.

Iwe ni jeraha tupu au ni jeraha lenye ukungu, tiba ya kwanza ni maji. Yapaswa kuwa safi na ya baridi, kati ya nyuzi 16 na 18 za sentigredi. Yakipita 22 mnyama huyu hudhoofika, na ukungu na vijidudu hupata nguvu. (Ndiyo maana hatumshauri mkazi yeyote wa Dar es Salaam kumtamani mnyama huyu, maji ya bomba pekee yatamchosha.) Ndugu yetu amtenge majeruhi katika beseni safi, lisilo na mawe wala kitu chenye ncha, na ayabadilishe maji yote kila siku. Maji ya bomba yaondolewe klorini kwanza kwa dawa iuzwayo madukani kwa kazi hiyo, na yawe na ubaridi ule ule wa yale anayotoka.

Kama pamba imeonekana kweli, hapo chumvi huingia. Chukua lita moja ya maji yaliyotayarishwa hivyo, koroga humo vijiko viwili vya chai vya chumvi isiyotiwa madini ya iodini, kisha mweke mgonjwa kwa dakika kumi, saa ikiwa mbele yako. Zisizidi kumi na tano, maana chumvi huyaunguza matamvua na ngozi. Akihangaika, mtoe kabla ya muda. Hufanywa mara moja au mbili kwa siku, kwa siku chache tu, na pamba hulegea ikaanguka yenyewe. Usiivute kwa kibano. Usiitie chumvi katika tangi lake la kukaa.

Wako pia wafugaji wanaosifu majani makavu ya mkungu, yale yanayoyapa maji rangi ya chai na kupunguza kidogo nguvu za ukungu. Huko Ulaya majani hayo huuzwa kwa kuhesabiwa, nasi hapa pwani tunayafagia kila asubuhi na kuyachoma moto! Hayana madhara yakioshwa, lakini yasichukue nafasi ya maji safi.

Dawa za binadamu zikae mbali kabisa: spiriti, iodini, malhamu za vidonda. Ngozi ya aksoloti hunywa kila kinachoigusa. Hata dawa nyingi za samaki hazimfai, hasa zenye shaba. Akiona wekundu unaopanda kuelekea mwilini, tumbo kuvimba, au mnyama kukataa chakula kwa zaidi ya wiki moja, ampeleke kwa daktari wa mifugo anayewajua wanyama wa jamii hii.

Mama ameuliza kando kama ni kweli kwamba wengine huwatia wagonjwa hawa ndani ya jokofu. Ni kweli. Hupozwa polepole na kuwekwa katika nyuzi 5 hadi 8, ndani ya chombo chenye mfuniko, maji yakibadilishwa kila siku. Lakini kwa jeraha dogo kama hili hapana haja, na wanyama hawa huweza kubeba vijidudu vya kuharisha, hivyo tunamuunga mkono mama asiyetaka aksoloti akae jirani na mchuzi. Kila amshikaye au agusaye maji yake anawe mikono kwa sabuni.

Wale wawili wasirudishwe pamoja mpaka mguu ukamilike, na baadaye kila mmoja alishwe upande wake wa tangi. Binti apime mguu huo kwa macho kila Jumapili, auchore daftarini, na baba amsaidie kuandika tarehe.