Huyo mama si mvivu, ni nyinyi hamjamuuliza

Leo nawatafuta nyinyi watu wa "hata mimi nimechoka". Mtu akisema hana nguvu mnamwambia uchumi ni mbaya, anywe maji, alale mapema, aweke simu chini. Mama akisema amechoka tangu ajifungue mtoto ambaye sai yuko gredi ya sita, mnasema amezoea kukaa. Mama mkwe anaongeza kwamba wakati wao mtu alijifungua asubuhi na jioni yuko shambani. Jirani anamalizia na chira, halafu kesi imefungwa.

Naandika kutoka Ogwedhi, huku Migori, na chuo niliacha mwaka wa pili, kwa hivyo anayetaka kunikumbusha kwamba mimi si daktari amechelewa. Sijaribu kutibu mtu. Nataka tu watu fulani waulizwe maswali fulani, na sioni kwa nini hiyo ihitaji digrii.

Chini ya ubongo, ukiingia ndani kabisa nyuma ya pua, kuna tezi kubwa kama minji moja. Inaitwa pituitari. Hiyo ndiyo inaamrisha thairoidi shingoni, tezi za juu ya figo, ovari na korodani, na ndiyo inatoa homoni ya maziwa na homoni ya ukuaji. Watu wakisikia homoni ya ukuaji wanafikiria mtoto kurefuka. Kurefuka kunaisha, lakini kazi ya homoni haiishi. Kwa mtu mzima inashikilia misuli na mifupa, inazuia mafuta yasijazane tumboni, na inahusika na ile nguvu ya kuamka na kutaka kufanya kitu. Ikikosekana mtu anaweza kuwa na tumbo, mikono haina nguvu, mifupa inadhoofika, na roho iko chini. Ukimwangalia kutoka nje unaona mvivu aliyenenepa.

Sasa inapoteaje? Uvimbe kwenye tezi ni sababu moja, na huko ng'ambo ndiyo inaongelewa sana. Kwetu wacha tuanze na damu. Mwaka 1937 mpatholojia wa Glasgow aliyeitwa Harold Sheehan alieleza kitu ambacho hadi leo kinabeba jina lake. Wakati wa mimba pituitari inanenepa, lakini mishipa inayoilisha haiongezeki kwa kiasi hicho. Mama akijifungua, damu itoke mpaka presha ianguke, tezi inakosa damu na sehemu yake inakufa. Mama anaongezewa damu, anaamka, anarudi nyumbani, watu wanashukuru Mungu. Na enyewe ni ya kushukuru. Ila kuna kitu kimebaki kwa kile kitanda na hakuna aliyekiona.

Dalili ya kwanza mara nyingi ni maziwa kukataa kuja. Huku kwetu mama asiye na maziwa anapewa uji wa wimbi, njugu na supu, halafu anapewa maneno. Baadaye hedhi hairudi. Nywele za kwapa na za sehemu za siri zinapungua. Baridi inamshika na jua ni kali. Ngozi inapauka, presha iko chini, na juu ya hayo yote uchovu usioisha hata akilala siku nzima. Homoni ya ukuaji ni kati ya zile zinazopotea mapema, zingine zinafuata, na mambo yanaweza kuja polepole sana. Kati ya siku ya damu na siku ya jibu inaweza kupita miaka kumi na zaidi.

Mnisamehe kwa takwimu kidogo. Hesabu zilizotokana na sensa ya 2009 ziliweka Migori kwa vifo vya wazazi 673 kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai, na Homa Bay 583. Kaunti zote mbili zilitajwa kati ya zile 15 zenye mzigo mkubwa zaidi nchini. Halafu uchunguzi wa kitaifa wa vifo vya wazazi uliotolewa 2017 ukakuta damu ndiyo muuaji wa kwanza, karibu vifo vinne kati ya kumi. Sawa. Hao ni waliokufa, na wako kwenye ripoti. Lakini kwa kila aliyekufa kuna wengine waliomwaga damu hiyo hiyo wakaishi. Hao wako ripoti gani? Wako jikoni wameegemea ukuta wakisubiri maji yachemke, na mnawaita wavivu.

Shangazi yangu ni mmoja wao. Alijifungua kitinda mimba katika hospitali ambayo siitaji, akaongezewa damu, akaruhusiwa siku ya nne. Kwa miaka tisa alipimwa malaria. Akapimwa taifodi (huku kila mtu ana taifodi, hata ukivunjika mguu utapewa dawa ya taifodi). Akapimwa virusi mara tatu, na mara ya tatu aliyempima akamwangalia kama mtu anayeficha kitu. Akapewa vidonge vya kuongeza damu. Akapelekwa maombi. Mzee mmoja wa ukoo akasema kuna mwiko wa kupanda uliovunjwa, mbuzi akaenda. Mwishowe afisa wa kliniki kijana, pengine rika langu, ndiye aliuliza: mama, huyu mtoto wako wa mwisho alinyonya? Miaka tisa, na swali halikuhitaji hata stima.

Kitu kinachonikera zaidi ni hiki, kwa hivyo someni polepole. Mwaka wa tano alikuwa ameshapimwa thairoidi. Walipima TSH peke yake, ikatoka kawaida, akaambiwa yuko sawa aende nyumbani. TSH ni barua ambayo pituitari inaandikia thairoidi. Thairoidi yenyewe ikilala, pituitari inaandika barua nyingi, TSH inapanda, kipimo kinashika. Lakini kama aliyekufa ni mwandishi wa barua? Utakuta TSH ya kawaida, au iko chini kidogo, na mwenye mwili ameganda. Ndiyo maana lazima T4 huru ipimwe pamoja nayo, na kotisoli ya saa mbili asubuhi. Hivyo si vipimo vya kupanda ndege. Maabara kubwa ya mjini inavifanya, na ya kijijini inaweza kutuma sampuli.

Na msidhani tunaongea kuhusu uchovu peke yake. Mtu ambaye pituitari imekufa anaweza kukosa kotisoli, ile homoni ya kuvumilia shida. Siku ya kawaida anajikokota. Siku akishikwa na malaria kali au kuhara, mwili hauna cha kupandisha. Presha inaanguka, sukari inashuka, anapoteza fahamu, na kwa matanga watu wanasema alikuwa mgonjwa-mgonjwa tu kwa muda. Kuna mtego mwingine hapo: ukiona thairoidi iko chini ukampa dawa ya thairoidi kabla ya kurudisha kotisoli, unaweza kumsukuma hapo hapo kwa shimo. Kotisoli kwanza. Dawa ni haidrokotisoni, na isipopatikana daktari anaweza kutumia prednisoloni, ambayo ni tembe ya bei ya kawaida kabisa. (Usikimbie kuinunua sokoni. Nimesema sitibu mtu.)

Kina baba msicheke, nanyi mko ndani. Kugonga kichwa kunaweza kuharibu tezi hiyo hiyo. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa 2007 kwenye jarida la chama cha madaktari wa Marekani yalipata kwamba takriban asilimia 27.5 ya watu walioumia ubongo walikuwa na upungufu wa homoni moja au zaidi za pituitari muda mrefu baadaye, na homoni ya ukuaji ni kati ya zile zinazopotea. Tafiti nyingi kati ya hizo si za kwetu, na si kila aliyeanguka atapata shida. Lakini hesabu mwenyewe boda ngapi zimelala kwa mtaro tangu mwaka uanze, na helmeti ngapi zilikuwa zimening'inia kwa hendeli. Yule kijana aliyeanguka, akashonwa, akapona, na sasa hawezi kubeba abiria zaidi ya masaa mawili, mnasema bangi imemmaliza. Inawezekana. Inawezekana pia hakuna aliyempima.

Najua kuna mmoja atasoma hapa aamue kwamba kila uchovu ni pituitari. Pole pole. Kuna ugonjwa mwingine kabisa, ME/CFS, ugonjwa wa uchovu sugu, na ukiweka wagonjwa hawa wawili kwa benchi moja huwezi kuwatofautisha kwa macho. Wote wamechoka kwa miezi, usingizi hauwasaidii, akili ina ukungu, roho iko chini, na vipimo vya kawaida viko safi. Tofauti kubwa ni kinachofuata baada ya kazi. Mwenye ME/CFS akijilazimisha kufua nguo za wiki, kesho au kesho kutwa anaanguka vibaya kuliko alivyokuwa, na anaweza kulala hivyo siku nyingi. Taasisi ya tiba ya Marekani iliiweka dalili hiyo katikati ya utambuzi mwaka 2015, na Uingereza mwaka 2021 ikaondoa kwenye mwongozo wake ile tiba ya kumwongezea mgonjwa mazoezi kidogo kidogo kwa ratiba. Yaani kile mnachokiita "asukumwe kidogo atazoea" ni kitu ambacho wenzetu walijaribu kwa miaka mingi kisha wakakiweka chini.

ME/CFS haina kipimo cha damu. Ndiyo maana mambo mengine yanafaa kuangaliwa kwanza, na pituitari ni mojawapo. Ukikosea upande mmoja, mama wa Sheehan anaambiwa ana uchovu sugu, hakuna dawa, ajikaze, na kotisoli inamuua. Ukikosea upande mwingine, mgonjwa wa ME/CFS anajazwa homoni ambazo mwili wake haukukosa.

Hapo ndipo wauzaji wanaingia. Mmewaona, wana picha za misuli na chupa zimeandikwa homoni ya ukuaji, za kumeza na za kupuliza mdomoni. Homoni ya ukuaji ni protini. Ukiimeza tumbo linaisaga kama omena. Ya kweli ni sindano, kwa kawaida ya kila siku, na hadi 1985 ilitolewa kwenye tezi za maiti mpaka ikagundulika baadhi ya waliodungwa wamepata ugonjwa wa kuua ubongo. Ndipo ikaanza kutengenezwa maabara. Kuna wengine wanauza kipimo: njoo upimwe kiwango chako cha homoni ya ukuaji, damu mara moja, majibu jioni. Homoni hii inatoka kwa mawimbi, hasa usingizini. Mtu mzima kabisa ukimtoa damu saa tano asubuhi unaweza kukuta karibu sufuri. Kipimo cha maana ni cha kuichokoza tezi kwa dawa na kuona kama itajibu. Na kama tayari homoni tatu au zaidi zimekosekana na IGF-1 iko chini, hata huko kuchokoza hakuhitajiki.

Mtaniuliza kama nataka SHA ilipie sindano hizo. Ningependa, lakini hilo silipigii kelele leo. Uingereza yenyewe tangu 2003 haimpi mtu mzima mpaka upungufu mkali uthibitishwe, maisha yake yawe yameharibika kwa alama za dodoso, na awe tayari anatibiwa homoni zingine alizokosa. Sisi hata hiyo mlolongo hatujauanza. Nairobi tangu 2008 kuna mafunzo ya madaktari wa homoni za watoto kwa ajili ya Afrika, kwa hivyo upande wa watoto angalau mtu aliamka. Mama wa miaka 38 anayetetemeka juani, je? Yeye kwanza anadai kotisoli, halafu thairoidi, halafu homoni za uzazi. Homoni ya ukuaji iko mwisho wa foleni na sina shida na hiyo. Shida yangu ni kwamba yeye mwenyewe hayuko kwa foleni.

Damu yenyewe pia inaweza kupunguzwa. Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanywa kwenye hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini. Walitandika chini ya mama karatasi ya plastiki yenye mfuko wa kupima damu, badala ya kukadiria kwa macho, na damu ikifika alama wanampa tiba zote kwa pamoja bila kungoja. Kutokwa na damu kali na madhara yake kulipungua kwa asilimia 60. Plastiki yenye mistari! MCA wangu, kama unasoma, hiyo ni rahisi kuliko lile geti lako la soko.

Kwa wale walioshamwaga damu, naomba kitu cha bei ya wino. Mtoto anarudi kliniki wiki ya sita kudungwa. Muuguzi amuulize mama, ulitokwa na damu nyingi? Maziwa yalikuja? Aandike kwa kijitabu. Mtoto anarudi tena miezi tisa kwa chanjo ya surua. Mama ambaye hakuwahi kunyonyesha, na hayuko kwa sindano ya kupanga uzazi wala hana mimba nyingine, hedhi yake inafaa kuwa imerudi kufikia hapo. Aulizwe hiyo. Akijibu ndiyo kwa damu, hapana kwa maziwa na hapana kwa hedhi, atumwe akapimwe kotisoli na T4 wiki hiyo hiyo. Mama mwenyewe hahitaji hata kuitwa, yuko hapo kwa benchi amembeba mtoto.