Dubu wa Appenzell

Mfugaji hutia ng'ombe wake chapa ili ijulikane ni wa nani. Katika Ulaya vijiji navyo vina chapa zao, zichorwazo juu ya ngao, na mara nyingi wanyama na rangi zake huwa na maana. Mfano ulio bora ni ngao ya Appenzell, kijiji cha wafugaji na watengenezaji wa jibini kilichoko milimani, mashariki ya nchi ya Uswisi.

Juu ya ngao nyeupe amechorwa dubu mweusi, mnyama mkubwa wa mwituni mwenye manyoya mazito, naye amesimama kwa miguu ya nyuma. Ulimi wake ni mwekundu, na makucha yake vilevile. Asili yake ni hadithi ya Mtakatifu Gallus, mtawa aliyefika pande zile mnamo mwaka 612. Husimuliwa ya kwamba usiku mmoja dubu alimjia penye moto. Mtawa akamwamuru alete kuni. Dubu akatii, akapewa mkate.

Mahali pale pakajengwa monasteri ya St. Gallen, na mkuu wake, yaani abate, akawa mtawala wa Appenzell. Hata jina la kijiji maana yake ni makao ya abate. Lakini watu walichoka na madai yake, wakaasi. Walishinda vita vya Vögelinsegg mwaka 1403, na mwaka 1405 wakawashinda huko Stoss askari wa Austria waliokuja kumsaidia abate. Hata hivyo dubu hawakumtupa, bali walimfanya kuwa wao.

Mji wa St. Gallen nao una dubu wake, aliyevikwa mkufu wa dhahabu kwa heshima ya Kaisari. Dubu wa Appenzell hana kitu shingoni.

Mwaka 1579 mpiga chapa mmoja wa St. Gallen alitoa kalenda iliyomwonyesha dubu wa Appenzell bila alama ya kiume. Asiyejua maana ya ngao angecheka tu. Watu wa Appenzell waliona wametukanwa wote, na nusura vita vizuke.

Mwaka 1597 nchi ya Appenzell iligawanyika kwa sababu ya dini, Wakatoliki huku na Waprotestanti huko. Sehemu ya pili iliongeza herufi mbili kwenye ngao yake, ili itambulikane. Mashamba yaligawanywa, na serikali pia. Lakini dubu hakuna aliyekubali kumwacha.